Tandemu na upana wa tairi: tuweke 28, 32 au 38 kwa barabara za Kisumu?

Mtandemu_Kisumu

Wadau, salamu kutoka Migosi. Swali langu ni refu kidogo, nivumilieni, maana nimeshapita kwa mafundi watatu na kila mmoja ameniambia lake.

Mwaka jana mimi na kaka yangu tulipata tandemu ya mtumba, baiskeli ya watu wawili. Fremu ni ya chuma, rimu ni za saizi inayoitwa 700, spoki arobaini kila gurudumu, breki za V mbele na nyuma. Kaka haoni. Glakoma ilimchukulia macho polepole, ikamaliza alipokuwa kidato cha tatu, na kabla ya hapo hakuna kitu alichokipenda kama baiskeli. Sasa mimi nakaa mbele naongoza, yeye yuko nyuma, na nguvu nyingi ni zake. Kila Jumamosi alfajiri tunashika barabara ya Nairobi pale Nyamasaria, tunakwenda mpaka Ahero, tunakunywa chai, tunarudi kabla jua halijawa kali.

Ilikuja na matairi ya 28, yaani upana wa milimita 28. Yameandikwa ubavuni psi 120 mwisho (psi ni kipimo cha presha ya upepo), na mimi nayajaza 120 kamili. Mwezi uliopita pekee tumepata pancha nne, zote nyuma, na kila mara nikitoa tyubu nakuta matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka.

Lakini kilichonifanya niandike ni Jumamosi iliyopita. Tulikuwa karibu na Rabuor, lori likatupita kwa karibu, nikasogea ukingoni mwa lami ambapo pameliwa. Shimo nililiona limeshafika. Nikajiinua kwenye siti bila kufikiri, kama ninavyofanya nikiwa peke yangu, gurudumu la mbele likapita. Kaka hakujua lolote, alikuwa ameketi uzito wake wote. Nilisikia mlio wa rimu, halafu nikasikia meno yake yakigongana. Tuliposimama alikuwa anatema damu, ameuma ulimi. Hakulalamika, aliuliza tu kama rimu imepinda.

Tangu siku hiyo nafikiria matairi mapana. Ila kaka hataki tuwe wazito. Anataka kushindana siku moja na anaogopa tairi la 38 litatufanya tuvute kama trela la miwa. Mnasemaje? Kuna njia ya kupata starehe bila kupoteza mwendo, au lazima tuchague kimoja?

Mbio_Kakamega

Dada, pole kwa kaka. Mimi naendesha baiskeli ya mbio mwaka wa tisa sasa na maoni yangu ni haya: tandemu ni chombo cha kasi. Kwenye tambarare watu wawili wanakata upepo karibu sawa na mtu mmoja, kwa hiyo mnaenda haraka kuliko mtu yeyote peke yake. Ukienda zaidi ya kilomita 30 kwa saa, upepo ndio adui, na tairi pana linapokea upepo zaidi. Isitoshe lina uzito, na tandemu kwenye mlima tayari ni nzito. Baki na 28 au panda hadi 32 ukishindwa kabisa. Shimo ni kazi ya rubani, yaani anayeongoza mbele, kuliona na kulitangaza. Piga kelele “shimo!” na kaka atajiinua.

KeriaBusia

Nimesoma habari ya ulimi nikasikia uchungu kinywani mwangu.

Mimi nilibeba abiria kwa baiskeli Busia miaka kumi na moja kabla ya pikipiki kutufukuza. Biashara hiyo ilianzia huku mpakani, mtu anavushwa kutoka upande wa Kenya kwenda wa Uganda juu ya keria, ndipo likaja hilo jina boda boda. Kwa hiyo ya watu wawili juu ya magurudumu mawili tunayajua kabla tandemu haijafika. Baiskeli ya Black Mamba ya chuma, tairi la kipenyo cha inchi 28 na upana wa inchi moja na nusu, mto wa sponji juu ya keria, na mama wa kilo tisini na kuku wake.

Nitakwambia jambo moja. Anayeketi nyuma haoni kinachokuja. Hata mwenye macho mazuri, mbele yake kuna mgongo wako. Na amekaa karibu kabisa na gurudumu la nyuma, kila kinachopita chini ya gurudumu kinapita mwilini mwake. Wewe ulioko mbele unajikunja kabla, mikono na magoti yanakusaidia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na rubani wa tandemu ndiye anayelisahau hilo upesi kuliko wote. Abiria wangu walinichagua stendi kwa sababu nilikuwa silijazi tairi la nyuma mpaka liwe jiwe. Wenzangu walijaza likalia kama ngoma, wakadhani wanaenda haraka. Tulifika pamoja.

Kuhusu kupiga kelele “shimo”: mwambie Mbio apande nyuma afumbe macho kutoka Nyamasaria mpaka Ahero halafu aje hapa tuongee.

Fundi_Bondeni

Dada wa Kisumu, hapa Nakuru nimefunga tandemu tatu tu katika miaka yangu yote ya kazi, ila nimefunga magurudumu ya mizigo mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Nisikilize kwa utulivu.

Tairi haliviringiki bure. Likigusa chini hubonyea, mpira na nyuzi zake hukunjwa, likiondoka hukunjuka. Kila kukunjwa kunakula nguvu kidogo ikageuka joto. Sasa chukua matairi mawili ya aina moja, moja jembamba na moja pana, yajaze presha sawa, yabebeshe mzigo sawa. Eneo linalogusa ardhi ni karibu sawa, lakini la jembamba limenyooka kwa urefu na la pana limekaa kwa upana. Lile refu limelikunja tairi zaidi. Kwa hiyo presha ikiwa sawa, pana ndilo linalokwenda kwa wepesi. Watu hawaliamini hili mpaka walione.

Ila hakuna anayejaza pana sawa na jembamba, wala asijaribu. Tairi pana ukilijaza presha ya jembamba linaivuta rimu kwa nguvu zaidi, na nimeona ukingo wa rimu umepasuka ukafunguka kama ganda la njugu. Mapana tunayapunguzia upepo. Hapo faida ya kukunjwa kidogo inapungua, lakini inakuja nyingine kubwa zaidi kwenye lami yetu: baiskeli haitikiswi. Ukijaza 120, kila kokoto ya lami inakuinua wewe na baiskeli na kaka yako. Kuinua kilo zote hizo milimita mbili, mara elfu kwa dakika, ni kazi, na kazi hiyo inalipwa na miguu yenu. Barabara ikiwa laini kama kioo, jaza. Niambie wewe ni wapi kati ya Nyamasaria na Ahero pana kioo.

Sasa njoo kwenye mzigo, kwa sababu hapa ndipo mafundi wako watatu walipokosea. Hakuna upana mzuri hewani. Kuna upana mzuri kwa kilo fulani juu ya gurudumu fulani. Kanuni inayotumika na wengi ni kwamba tairi likibeba mzigo wake lipungue kimo kama asilimia 15. Baiskeli ya mtu mmoja ina kama kilo 40 hadi 50 juu ya gurudumu. Tandemu yenu nadhani ina 85 au zaidi. Kwa kilo 85, ili lishuke asilimia 15 tu, tairi la 28 linataka karibu psi 140. La 32 linataka karibu 115. La 38 karibu 85. La 50 karibu 53.

Tazama hiyo namba ya kwanza tena. Tairi lako limeandikwa 120 mwisho. Maana yake ni kwamba hata ukilijaza mpaka mwisho wake, bado liko chini ya kinachohitajika kwa uzito wenu. Ni gumu mgongoni mwa kaka na bado ni tupu mbele ya shimo. Ndiyo maana lilibanwa kati ya shimo na rimu, ukapata meno ya nyoka. Halikuwa kosa la macho yako.

Nenda ukapime uzito wa kila gurudumu, nyote mkiwa juu. Usikisie. Halafu pima nafasi iliyopo kwenye uma wa mbele na kule nyuma karibu na pedali, tairi linapopita kati ya mabomba. Kama kalamu haipiti kila upande, tairi hilo ni pana mno kwa fremu hiyo, maana spoki moja ikikatika gurudumu linayumba na kuanza kusugua. Breki za V hazikuzuii sana, zina nafasi. Zile za mbio za kubana kutoka juu ndizo huishia 28, pengine 32.

Mbio_Kakamega

KeriaBusia, nimekubali kwamba sijawahi kukaa nyuma. Nitajaribu.

Fundi, na upepo je? Hujanijibu.

Fundi_Bondeni

Upepo upo, sikatai. Milimita kumi za tairi zina gharama yake, na kwenye mashindano ya saa moja juu ya lami safi ningezihesabu. Lakini miili miwili iliyoketi wima inakata upepo kiasi gani, na tairi kiasi gani? Mkiinama vizuri mtaokoa zaidi ya tofauti ya tairi.

Mwalimu_Maseno

Nimeufuata uzi huu kwa furaha kwa sababu nafundisha fizikia na mara chache naona wanafunzi wangu wakiijali kama mnavyoijali nyinyi. Niongeze hesabu moja.

Nguvu inayoliwa na tairi ni uzito mara mvutano wa dunia mara kigezo cha tairi (namba inayoonyesha jinsi tairi linavyokula nguvu likiviringika) mara mwendo. Chukua jumla ya kilo 170 na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kwa sekunde. Tairi zuri lenye ubavu laini lina kigezo cha karibu 0.004. Tairi gumu la bei rahisi lina 0.007 au zaidi. La kwanza linakula wati 56, la pili wati 97. Tofauti ni wati 41. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi hutoa kama wati 100 hadi 150 akiendesha muda mrefu. Kwa hiyo mkichagua tairi baya, mnakuwa kama mmemwacha mmoja wenu apumzishe mguu mmoja safari nzima.

Kwa hivyo dada, kabla ya upana uliza ubavu. Shika tairi dukani, likunje kati ya vidole viwili. Lile linalokunjika kama kitambaa cha pazia ndilo la kwenda haraka, hata likiwa la 38. Lile linalokataa kama ndala mpya litawachelewesha hata likiwa la 25. Mbio, hapo ndipo nadhani wewe na fundi mnakutana: matairi ya mbio uliyozoea ni mepesi kwa sababu ubavu wake ni laini, wewe ukadhani ni kwa sababu ya wembamba. Kwa miaka mingi hapa kwetu laini yalikuja membamba tu.

Na mwambie kaka kwamba Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ameketi kiti cha nyuma cha tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town. Katika mashindano ya walemavu, kundi B ni hilo hasa: asiyeona nyuma, rubani mwenye macho mbele. Ndoto yake ina njia.

Mtandemu_Kisumu

Nimemsomea kaka majibu yote kwa sauti, mawili ya fundi ameomba niyarudie. Aliposikia la Mwalimu kuhusu Cairo alinyamaza muda mrefu.

Leo tumepima. Kibuye kuna mama anauza nafaka, ana mizani ya kupimia magunia ya mahindi. Tuliweka gurudumu la mbele juu ya mizani na la nyuma juu ya vipande vya mbao vyenye kimo kilekile, kijana mmoja akatushikilia, tukapanda wote wawili. Watu walijaa. Mbele kilo 78. Tukageuza. Nyuma kilo 92. Jumla 170, Mwalimu umepiga ndipo. Baiskeli peke yake ni 22.

Nafasi: uma wa mbele unachukua 38 na madigadi yake, kalamu inapita. Nyuma nikitoa madigadi inapita hata 42.

Nilipotoa tairi la nyuma nikaona kitu kingine. Tyubu ina vipele upande wa ndani, kimoja kwa kila tundu la spoki, arobaini vimepangika kama chunusi. Vingine vimekuwa vyembamba mpaka unaona mwanga. Utepe wa rimu uliowekwa ni kipande cha tyubu ya zamani kilichokatwa kwa mkasi. Fundi, hii ni kawaida?

Fundi_Bondeni

Hapana, na umeniokolea maneno. Mpira uliokatwa kwenye tyubu unafaa Black Mamba ya psi 40. Kwa 120 unavutika, tyubu inasukumwa ndani ya tundu la spoki, siku moja inapasuka kwa mlio na mko kasi. Weka utepe wa kitambaa kigumu unaofunika sakafu yote ya rimu. Ukikosa, utepe wa nailoni mgumu, mizunguko miwili. Kabla ya kufunga, pitisha kidole chenye pamba ndani ya tairi lote, pamba itanasa penye waya.

Na kwa kilo hizo nimebadilisha mawazo kidogo. Nyuma 92 kwenye tairi la 38 inataka karibu psi 93, na mengi ya 38 yameandikwa mwisho 85. Kwa hiyo weka 42 nyuma. Litataka karibu 78. Na 38 mbele kwa kilo 78 litataka hiyohiyo karibu 78. Mnajaza namba moja mbele na nyuma, rahisi kukumbuka. Anayeketi nyuma anapata tairi kubwa, inavyostahili.

Usione aibu kutumia matairi tofauti. Trekta linafanya hivyo kila siku.

Mbio_Kakamega

Nilifanya alichosema mzee wa Busia. Rafiki yangu ana tandemu ya kukodisha watalii, tukatoka Kakamega kuelekea Chavakali, mimi nyuma nimefungwa kitambaa machoni. Tairi za 28, nilizijaza mwenyewe 110. Dakika ishirini zilinitosha. Tuta la kwanza nilidhani tumegongwa. Huwezi kujua uti wa mgongo una pingili ngapi mpaka uhesabiwe hivyo. Dada, namwomba kaka yako msamaha kwa lile jibu langu la kwanza.

Upande wa kasi bado nasubiri kuona.

Mtandemu_Kisumu

Wadau, nimerudi na hasira, lakini nimalize habari.

Nilikwenda duka moja mjini, sitalitaja, nikaomba matairi mawili ya 700, moja 38 na moja 42. Muuzaji akasema 700 ni sawa na 28, akanipa mawili yaliyoandikwa 28 kwa inchi moja na nusu, akasema upana ni kama huohuo. Nikamwamini. Tulipoyafunga yaliingia kwa mkono bila nguvu yoyote, nikafurahi. Nikaanza kujaza. Kabla hata ya psi 40 tairi la nyuma likaruka nje ya rimu upande mmoja, tyubu ikatoka kama ulimi wa ng’ombe, ikapasuka. Masikio yalilia mpaka jioni. Namshukuru Mungu haikuwa barabarani kaka akiwa juu. Duka limekataa kurudisha pesa kwa sababu tairi limeshafungwa.

KeriaBusia

Pole mwanangu. Hilo tairi ni la Black Mamba. Ningekuwa karibu ningelitambua kwa harufu.

Fundi_Bondeni

Kosa hili linaumiza watu wengi na linaepukika kwa kusoma namba moja. Sahau inchi. Kila tairi limeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo namba mbili zenye kistari katikati, upana na kipenyo cha rimu kwa milimita. La Black Mamba ni 40-635. Rimu yako ya 700 ni 622. Tofauti ya milimita 13, ndiyo maana liliingia kwa mkono na ndiyo maana liliruka. Tairi lolote linaloingia rimu kirahisi hivyo lirudishe kabla hujalijaza.

Neno 28 limeandikwa juu ya matairi ya 635 na pia juu ya mengine ya 622, basi neno hilo halina kazi. Na 26 ni vilevile: ile ya baiskeli za milimani ni 559, ile ya 26 kwa 1 3/8 ni 590, haziingiliani. Habari njema ni kwamba baiskeli za milimani za 29 ni 622, sawa na yako. Kwa hiyo ukikosa ya 700, tafuta kwenye fungu la 29, ila mengi yatakuwa mapana kuliko fremu yako.

Andika 622 kwenye karatasi, mpe muuzaji, mwambie akuonyeshe namba hiyo kwa kidole chake.

Mtandemu_Kisumu

Wiki tatu zimepita, samahani kwa kimya, mvua za jioni zilitufungia.

Matairi nimepata kwa mtu anayeuza vipuri vya mtumba, 38-622 na 42-622, yote yametumika kidogo, ubavu laini kama Mwalimu alivyosema, nilijaribu kwa vidole viwili. Mwisho psi 85 yote mawili. Utepe wa kitambaa umewekwa. Nilianza na 78 mbele na nyuma kama fundi alivyosema, kisha nikapima kwa rula ya shule: kutoka ukingo wa rimu hadi chini tukiwa hatujapanda, na tena tukiwa juu. La mbele lilishuka milimita tano na nusu, la nyuma sita na kidogo. Ndiyo asilimia 15.

Sasa kasi, kwa ajili ya Mbio na kwa ajili ya kaka ambaye alikuwa bado hajaridhika. Upande wa Kajulu kuna mteremko mpole, lami ya zamani iliyochakaa, magari machache. Tulianza kwenye jiwe moja, kaka akaachilia mguu, hakuna kupiga pedali, tunashuka mpaka baiskeli isimame yenyewe kule chini inapopanda kidogo. Nikachora chaki. Mara tatu na matairi mapya, halafu tukafunga yale ya 28 kwa psi 120 palepale kando ya barabara, mara tatu tena, nguo zilezile, mkao uleule, asubuhi ileile kabla upepo wa ziwa haujaanza. Yale ya 28 yalisimama mara zote tatu kabla ya kufika kibanda cha mama mboga. Mapana yalikipita kibanda kila mara, mbali zaidi ikiwa kama urefu wa tandemu nne.

Tukarudia kwenye kipande cha lami mpya. Hapo tofauti ilikuwa ndogo mno, chaki zilichanganyikana, siwezi kusema nani alishinda.

Kaka aliomba ashikwe mkono apelekwe kwenye alama za chaki. Alitembea kutoka ya kwanza hadi ya mwisho akihesabu hatua, akarudi akihesabu tena. Halafu akasema tuuze yale membamba.

Mbio_Kakamega

Nimekubali. Kwa lami yetu. Siku mkipata mashindano kwenye lami safi leteni swali upya.

Mwalimu_Maseno

Jaribio zuri sana, hasa kurudia mara tatu na kuchagua saa isiyo na upepo. Naomba ruhusa nilitumie darasani.

Mtandemu_Kisumu

Ruhusa unayo, Mwalimu.

Swali la mwisho wadau. Mwezi ujao tunataka kupanda Nandi Hills na kushuka upande wa Chemelil. Matairi haya na breki za V zinatosha?

Fundi_Bondeni

Kupanda, ndiyo. Kushuka, sikilizeni. Kilo 170 kwenye mteremko ule zikizuiwa na mpira wa breki peke yake zinaipasha rimu moto mpaka haishikiki. Joto linapandisha presha ndani ya tyubu, na kadiri tairi lilivyo jembamba ndivyo hewa yake kidogo inavyopanda upesi. Mapana yamewasaidia hata hapo, lakini hayawaponyi. Kwa siku hiyo jazeni 72 badala ya 78. Msibane breki moja kwa moja kama mnakamua ndimu. Bana kwa nguvu, achia ipate upepo, bana tena, badilisha mbele na nyuma. Simameni angalau mara tatu njiani. Mwagia rimu tone la maji, likichemka kaeni chini mle ndizi mpaka lisichemke. Ukipata mtu wa kukufungia breki ya tatu ndani ya habu ya nyuma, fanya hivyo kabla ya safari ya pili.

Na huko chini kwenye miwa, ukingo wa barabara una nyaya nyembamba za matairi ya malori yaliyopasuka. Zinaingia kama sindano. Kila mkisimama pitisheni kiganja chenye glavu juu ya tairi linapozunguka. Bebeni tyubu mbili za upana huo, si za 28, tyubu ya 28 ndani ya 42 inavutika mpaka inakuwa karatasi.

KeriaBusia

Na mkifika Chemelil semeni hapa. Kaka mwenyewe ndiye aandike safari hiyo, wewe umsaidie herufi tu. Tumemsikia kwa mdomo wako uzi mzima.

Mtandemu_Kisumu

Yuko hapa pembeni, simu yake inamsomea. Anasema: “Mzee wa Busia, nitaandika. Na siku ukifika Kisumu, kiti cha mbele atakuachia dada, mimi sihami nyuma.”